Nyongeza za Maman Clémence

Siku ile mtu wa Leta, yaani serikali, alipokuja na ndoo ya rangi nyekundu, Maman Clémence alidhani anauza. Akamwambia kutoka ndani, bila kuacha kukanyaga cherehani, kwamba rangi hawahitaji, nyumba walishaipaka chokaa mwaka wa komunyo ya binti yao na inatosha. Yule mtu alikuwa anahema. Kila anayefika kwa Maman Clémence mara ya kwanza huhema, maana avenyu yao ya kule Cimpunda imesimama wima kuliko kuta za nyumba zenyewe. Kiazi kikikuponyoka mlangoni saa moja asubuhi, saa nne utakikuta chini sokoni kimeshapangwa kwenye fungu la mtu, na itabidi ukinunue.

Alipopata pumzi alichovya brashi, akachora ukutani kando ya mlango. Alikusudia alama ya kukata, ile ya mistari miwili ya mshazari inayopishana, kama anavyochora kila mahali. Lakini kwa jinsi alivyojipinda ili asiteleze, ikatoka msalaba ulionyooka kabisa, mwekundu, mikono sawasawa.

Clémence akatoka na utepe wa kupimia shingoni.

"Papa, unafanya nini pale?"

"Nyumba itabomolewa, maman. Siku makumi tatu."

"Sababu gani?"

"Iko mu dosie."

"Na dosie iko wapi?"

"Kule biro." Akaitazama mikono yake, nyekundu hadi viwikoni. "Maman, hauna sabuni kidogo?"

Akampa sabuni. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko rangi yenyewe: kwamba alimpa sabuni, akammiminia maji kwa mkono wake, na hata akamwonyesha doa lililobaki nyuma ya sikio.

Wa kwanza kuja kuchukua kikwembe chake, kitenge alicholeta ashonewe blauzi, alikuwa Maman Bintu, jirani wa chini. Paa la Bintu liko usawa wa kizingiti cha Clémence, kwa hiyo wakiongea mmoja hutazama mbinguni na mwingine hutazama shimoni. Siku hiyo alipanda mwenyewe.

"Sikuogope weye, dada," akasema. "Naogopa nyumba. Ikianguka na kikwembe yangu ndani, nitaenda arusi na nini?"

"Bintu, libaya imebakia mikono tu."

"Nipe vile iko. Mikono nitavaa ile ya kuzaliwa."

Akatelemka nayo. Jioni alisimama mlangoni pake akiwashauri wapita njia wasikanyage upande ule wa wenye msalaba, Leta isije ikawahesabia na wao. Kufika Jumamosi, vikwembe vyote vilivyokuwa vimekunjwa juu ya kabati vilikuwa vimeondoka. Walioendelea kuja ni majeruhi. Motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyeanguka konani, aliona msalaba mwekundu, akaingia, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakunja suruali hadi magotini, akangoja. Clémence alimwosha kwa maji ya chumvi, akamfunga na vipande vya kitambaa. Kesho yake walikuja wawili, na mmoja wao akalalamika kwamba anacheleweshwa.

*

Papa Placide, mume wa Clémence, alikuwa mtu wa makaratasi. Miaka mingi alikuwa katibu wa ushirika wa kahawa. Ushirika ulikufa, kahawa ikafa, rais wa ushirika akafa, kashe ya mpira, muhuri wenye tawi la kahawa, ikabaki kwa Placide, nayo ilikuwa bado nzima. Aliigonga kwenye kila kitu: daftari za shule, orodha za mazishi, hata siku moja kwenye mkate, lakini hilo alilikana.

"Tutaenda kuomba kuonyeshwa dosie," akasema. "Leta haiwezi kubomoa mutu bila kumuonyesha karatasi."

Siku ileile ya rangi wakatelemka wote wawili hadi ofisi iliyoitwa Biro ya Miteremko. Shefu wa biro, Papa Hervé, alikuwa mzee mpole ambaye katika kazi yake hakuwahi kumkatalia mtu kitu, wala kumpa. Aliwasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akawaonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni. Placide akaisoma kwa sauti, kama somo la kanisani: kila mwenye kuomba habari za dosie atajibiwa kwa siku ishirini na moja, upande wenye shida unaweza kuongeza muda kwa barua yenye sababu, kabla jibu halijapokewa na kutiwa sahihi, hakuna kitu cha dosie ile kitakachoguswa.

"Andika basi," Papa Hervé akasema. "Sisi hapa tunapenda sana kuandikiwa."

Placide akaandika kurasa tatu, akagonga kashe ya kahawa mara mbili. Siku ya ishirini na moja, Nathanaël, mpeleka barua wa biro, akafika kwao amelowa jasho kama mtu aliyeoga na nguo. Clémence akafuta kiti. Placide akavaa koti ndipo akafungua.

Jibu halikuwemo. Biro ilikuwa inajiongezea siku nyingine ishirini na moja, kwa sababu ya ugumu wa dosie.

"Na kubomoa iko kisha siku tisa," Clémence akasema. "Watatujibu tukiwa wapi?"

"Miye naleta tu, maman," Nathanaël akasema. "Hakuna maji?"

Siku ya thelathini wakafika vijana wanne wenye nyundo, na kapita, msimamizi wao. Clémence alikuwa ameshatoa cherehani nje na kuifunika na shuka, kama mgonjwa anayengoja gari. Chini, Maman Bintu alikuwa ametoa benchi, amewaketisha watoto wake sita kwa urefu ili wote waone. Placide hakuwa na silaha nyingine, akampa kapita ile barua. Kapita akaisoma mara mbili, akaigeuza, akasoma na mgongo wake.

"Hapa bameandika jibu bado."

"Bado," Placide akasema.

"Na bila jibu hakuna kugusa."

"Njo vile," Placide akakubali.

Kapita akakuna shingo. "Sasa siye tulipanda huku kufanya nini?"

Wakapewa chai. Mmoja wa vijana alikuwa na suruali iliyochanika nyuma. Clémence akamshonea akiwa ameivaa, akamwambia asicheke. Wakatelemka na nyundo zao, na benchi la Bintu likarudishwa ndani kwa kelele.

Clémence aliendelea kuketi nje kando ya cherehani. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na uzi ulipopita, wazo likapita nao.

"Placide," akasema polepole. "Siye tulikuwa tunalilia jibu. Kumbe jibu si njo inatulinda. Kuchelewa njo inatulinda."

*

Kuanzia hapo, nyumba ile ilibadilika desturi. Kila siku ya ishirini na moja, Clémence aliamka mapema, akakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akasonga fufu, akaweka na pilipili kando. Nathanaël alipotokea konani, Placide alimwendea na fimbo ya kujisaidia kupanda. Hakuna aliyemuuliza kama kuna jibu. Walimuuliza afya.

Sababu za biro zilikuwa zinapendeza kusikiliza. Nyongeza ya pili ilitokana na mvua iliyolowesha kabati. Ya tatu, mwenye ufunguo wa kabati alikwenda Shabunda na barabara ikamzuia kule. Ya nne, ufunguo ulirudi peke yake. Ya tano, dosie ilipatikana lakini ikawa inakauka. Ya sita ilisema tu kwamba sababu ya nyongeza hii inachunguzwa na itajulishwa kwa barua ya pekee, nayo ile barua ya pekee ikaongezewa muda. Placide aliisoma hiyo amesimama. Alisema katika maisha yake yote ya ukatibu hakuwahi kuona kazi safi namna ile.

Clémence alizitundika zote ukutani, kando ya picha ya arusi yao, kwenye fremu ambazo seremala mmoja alimtengenezea badala ya suruali mbili. Na hapo wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Waliingia, hawakutazama cherehani wala katalogi ya mitindo. Walitazama fremu ya mwisho, wakahesabu kwenye vidole.

"Arusi iko tarehe kumi na mbili. Hii yenu inaisha lini?"

"Kumi na tisa."

"Basi nipime."

Hakuna mshonaji mjini aliyekuwa anamaliza kazi kwa wakati kama yeye. Wengine walichelewesha nguo hadi mtoto wa komunyo akaota ndevu. Clémence alimaliza ndani ya siku ishirini na moja, kwa sababu siku ya ishirini na mbili hakuwa na uhakika nayo.

Bintu peke yake hakurudi. Aliendelea kutoka kila mara Nathanaël anapopanda, akitazama juu na mkono kiunoni.

"Bado hamjahama tu?"

"Bado, dada."

"Miye ningekuwa weye, aibu ingeshaniua."

Clémence alimchukia kwa moyo wote, na ile chuki aliipenda. Ilikuwa ya moto na ya karibu, ilimsaidia kuamka.

*

Nyongeza ilipofika ya kumi na moja, Papa Hervé akahamishwa. Mahali pake wakamleta Madamu Nathalie, mwanamke mwembamba mwenye saa mbili, moja mkononi na nyingine mezani. Wiki yake ya kwanza alifungua kabati kwa bisibisi. Akakuta maombi yote tangu zamani, akaketi, akaanza kujibu.

Habari ilipanda avenyu kabla ya Nathanaël. Papa Jean-Marie, mwenye nyumba ya kule juu, alijibiwa Jumatatu. Alifurahi, akatia sahihi mbele ya wageni. Jumatano vijana wa nyundo walimaliza kazi kabla ya saa sita, na sasa yeye na mke wake walikuwa wanalala katika chumba cha kwaya, kati ya ngoma mbili.

"Huyu mwanamuke ni hatari," Placide akasema. "Anajibu."

Kwa kuwa ombi lilikuwa na sahihi yake, na bila yeye jibu halipokewi, wakakata shauri kwamba Placide amekwenda Luvungi kwa ndugu yake. Luvungi yenyewe ilikuwa jikoni, nyuma ya pazia.

Nathanaël alikuja Alhamisi na bahasha.

"Papa Placide iko?"

"Alienda Luvungi."

"Clémence," pazia likasema, "chumvi iko wapi?"

Nathanaël alitazama pazia. Alitazama sahani ya sambaza iliyokuwa mbele yake. "Umwambie Luvungi kuna joto siku hizi," akasema, "avae kofia." Akala, akarudisha bahasha biro. Akaja Ijumaa. Akaja Jumatatu. Safari hii pazia lilikohoa, na Nathanaël akaliambia pole.

Jumanne alikuja Madamu Nathalie mwenyewe.

Alifika bila viatu, ameviweka kwapani, magoti yana udongo. Clémence alikuwa anamfunga bandeji mwanafunzi aliyeteleza. Madamu Nathalie aliutazama msalaba wa nje, akamtazama mwanafunzi, na kwa kitambo ilionekana kama anatafuta foleni inaanzia wapi. Kisha akaketi. Kule chini mlango wa Bintu ukafunguka, na sauti ya benchi ikasikika ikiburutwa.

"Maman, nimeleta jibu," Madamu Nathalie akasema alipoweza kusema. "Mara tatu mumelirudisha."

"Papa wa nyumba alienda Luvungi."

"Bibi anaweza kusinye." Akamnyooshea kalamu.

"Miye sijui kusinye."

Madamu Nathalie akatazama ukuta, ambako kwenye cheti cha arusi Clémence alikuwa ametia sahihi kwa mwandiko mzuri wenye mikia. Alifungua bahasha.

"Usifungue, madamu."

"Kwangu mutu hasinye kitu hajasikia. Njo utaratibu." Na kabla Clémence hajaziba masikio, akasoma, upesi, kama mtu anayetoa mwiba:

"Parsele namba kumi na nne haiko mu dosie yoyote. Alama iliwekwa kwa makosa. Nyumba itakayobomolewa kwa kupisha ngazi ya watembea kwa miguu ni parsele kumi na nne bis, upande wa chini."

Mikono ya Clémence ilibaki hewani. Kumi na nne kilikuwa kiwanja chake; bis kilikuwa cha Bintu.

"Ngazi gani?"

"Ngazi ya kisasa. Iko mu plan."

"Na feza za kujenga ngazi?"

"Hizo ziko dosie ingine." Madamu Nathalie akakunja karatasi. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu asiyezoea. "Mukisinye leo, kesho asubuhi kuna mutu anakuja na chokaa kufuta hapa. Halafu anatelemka na rangi pale chini. Nyumba yenu iko huru, maman. Ilikuwa huru tangu zamani."

Pazia likapasuka katikati, na Placide akatoka Luvungi na masizi puani, kalamu mkono mmoja, kashe mkono mwingine.

"Nimefika," akasema. "Tunasinye wapi?"

Clémence alikuwa amesimama mlangoni. Kutoka pale aliliona paa zima la Bintu, mawe yaliyozuia mabati yasipeperuke, na mbele yake benchi. Watoto sita walikuwa wameshapangwa. Nyuma yao Bintu alikuwa anamweka sawa mama mkwe wake, bibi kizee asiyetembea tena, ambaye alipandishwa avenyu ile mara moja tu, mgongoni mwa mtu, na kila mtu alijua kwamba safari ya pili itakuwa ya kutelemshwa ndani ya jeneza. Alikuwa anamgeuzia kiti ili aone vizuri nyumba ya Clémence ikianguka.

"Madamu mwenyewe amepanda," Bintu alikuwa anamwambia kwa sauti ya kusikika. "Leo banakwenda, mama. Tazama vizuri, usisinzie."

Ingekuwa tamu. Clémence aliionja kabisa: asubuhi, mtu mwenye ndoo, Bintu akidhani anauza. Angeweza hata kutelemka na sabuni.

Placide alikuwa ameshainama mezani. Clémence akaweka mkono juu ya kalamu.

"Madamu," akasema, "ile karatasi ya mlango wa biro yenu. Inasema upande wenye shida unaweza kuongeza muda."

"Ndiyo. Ule upande ni biro."

"Wameandika biro?"

Madamu Nathalie alikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtu wa Leta: hakuweza kudanganya kitu kilichoandikwa. Akatoa simu, akatafuta picha ya ile karatasi, akaikuza kwa vidole viwili. Akasoma. Akasoma tena.

"Hawakuandika," akasema.

"Basi siye tuko na shida. Tunaomba siku makumi mbili na moja za kupokea jibu."

"Clémence," Placide akasema. "Umesikia barua? Hii ni nyumba yetu."

"Nimesikia."

"Ni kwa ajili ya ule Bintu? Ule mwenye kuweka benchi?"

"Njo ule. Tusiposinye, na yake haiguswe."

"Alikutukana miezi yote hii."

"Na kesho atanitukana tena. Atafanyia wapi kama hana mlango?"

Madamu Nathalie hakuelewa, akainuka kwenda kuona. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akatazama chini kwa muda mrefu. Watoto sita wakamtazama yeye. Bibi kizee, akidhani ndiye anayeanza kazi, akampungia mkono.

Aliporudi kwenye kiti alikuwa ameacha kutabasamu.

"Inabidi sababu," akasema. "Bila sababu siwezi kuipokea."

"Uandike bado tunasoma."

"Barua ya mistari mitatu?"

"Tunasoma polepole, madamu. Papa Placide macho yake haiko nzuri, na miye niko na kazi mingi."

Madamu Nathalie akatazama saa yake ya mkononi. Kisha akavuta karatasi, akaandika mwenyewe, kwa herufi zilizosimama wima. Placide alisoma juu ya bega lake. Alitazama ukuta, fremu kumi na moja zenye kazi safi, akamtazama mkewe, akatazama kule nje. Hatimaye akapulizia kashe pumzi ya moto na kuigonga chini ya ombi, kwa nguvu, hadi meza ikatikisika.

Madamu Nathalie akalichunguza lile tawi la kahawa lililotokea kwenye karatasi.

"Kashe iko wazi," akasema, na kulitia ombi mfukoni pamoja na jibu.

Alitelemka kwa makalio sehemu ya kwanza, maana udongo ulikuwa umelowa, kisha kwa miguu. Bintu alimfuata kwa macho mpaka konani, akangoja vijana wa nyundo watokee. Hawakutokea. Akainua uso.

"Basi, dada? Banabomoa lini?"

"Bameongeza tena," Clémence akajibu kutoka juu. "Makumi mbili na moja."

"Tena?" Bintu akapiga makofi ya kushangaa. "Na benchi nimeshatoa. Na mama nimemutoa ku kitanda. Leta gani hiyo, haiwezi hata kubomoa mutu moja?"

"Pole, dada."

"Pole uwape ba kwako. Miye niko mu nyumba yangu."

"Njo vile. Urudishe mama ndani, baridi inakuja."

Alingoja mpaka bibi kizee akaingizwa na benchi likafuata. Kisha akarudi kwenye cherehani, akashusha kalenda, akahesabu siku ishirini na moja kwa ncha ya mkasi. Placide aliketi kando yake, akinawa masizi. Clémence akachukua kipande cha chaki ya kuchorea nguo na kuanza kutafuta sababu ya pili.